Jua halizami Cyangugu

Kwanza nikiri kosa langu, maana anayelaumu wengine huku akijificha mwenyewe hana haki ya kusikilizwa. Miaka michache iliyopita niliombwa niseme maneno machache kwenye ufunguzi wa maonyesho ya picha katika ukumbi mmoja wa mji wetu. Ukumbi wenyewe siutaji. Zilikuwa picha za mandhari, zile tunazoziita peizaji: ziwa, milima, mitumbwi, migomba. Nyingi zilikuwa za rangi ya mafuta, chache za rangi ya maji, ndiyo akwareli. Nilivaa koti, nikasimama karibu na meza ya vinywaji, nikasema yale ambayo kila mtu anasemaka siku kama hiyo. Nilisifu kipaji ambacho msanii alijaliwa na Mwenyezi Mungu. Nilisifu uzuri wa Kivu yetu. Halafu nikaonyesha kwa mkono tablo kubwa iliyokuwa nyuma yangu, yenye kichwa "Jioni Bukavu", nikasifu jua jekundu linalozama polepole nyuma ya vilima vya ng'ambo, na njia yake ya dhahabu juu ya maji. Watu wakapiga makofi. Nami nikapewa Primus ya baridi.

Nilikuwa nimekuja na wanafunzi sita wa mwaka wa tano. Tulipokuwa tunapanda kurudi Nyawera, mmoja wao, msichana anayekaa Nguba, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Prof, ile vilima ya ng'ambo si ni Cyangugu?"

Nikamjibu ndiyo, ni Cyangugu, hata nyumba zake zinaonekana.

"Sasa, Prof, jua inazamaka Rwanda?"

Nilisimama katikati ya njia. Kila mtoto wa Bukavu anajua kwamba jua linatokea Rwanda na kuzama upande wa Kabare, nyuma ya milima inayoelekea Kahuzi. Mimi nilizaliwa katika mji huu. Nimeliona jua likichomoza ng'ambo ya Ruzizi zaidi ya mara elfu kumi, likitupiga machoni tukiwa kwenye mstari wa bendera shuleni. Na bado nilisimama mbele ya watu wazima, wenye diploma kama mimi na wengine kunizidi, nikalisifu jua linalozama mashariki, na hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Makala hii ni juu ya kosa hilo. Sisemi ni kosa la mchoraji. Ni letu sisi tunaosimama mbele ya picha na kufungua midomo, sisi walimu, waandishi wa habari, wanenaji wa redio, viongozi wa vyama vya utamaduni. Tunasifu bila kutazama.

Chukueni habari yoyote ya maonyesho ya picha iliyoandikwa katika magazeti yetu madogo. Siku moja nilikata moja nikaihesabu kama ninavyohesabu makosa katika kazi ya mwanafunzi. Ilikuwa na sentensi kumi na nne. Sita zilitaja wakubwa waliohudhuria, kwa vyeo vyao vyote. Tatu zilisimulia hotuba. Mbili zilishukuru wafadhili. Moja ilisema vinywaji vilikuwepo, moja ilisema msanii alianza kuchora tangu utoto. Iliyobaki, moja tu, ilisema tablo zilikuwa nzuri na zilivutia wengi. Nzuri namna gani? Zilivutia kwa nini? Zilikuwa ngapi, za mafuta au za maji, za mahali gani, za saa gani? Mwanafunzi wangu akiniandikia hivyo juu ya riwaya, ninampa mbili juu ya kumi, na hizo mbili ni za huruma.

Wale wanaojiona wasomi zaidi, nami nimo, tuna ugonjwa mwingine. Sisi tunaandika mapambo. Bukavu ni "mkono wa kijani" uliotumbukiza vidole vyake vitano ziwani. Kivu ni "Uswisi ya Afrika". Maneno haya hatukuyatunga sisi. Yalisemwa na watu waliotaka walowezi waje kununua viwanja na kupanda chai na kahawa wakati mji ungali unaitwa Costermansville, jina lililoondolewa miaka ya 1950. Tumeyarithi pamoja na nyumba zao, na tunayabandika juu ya kila tablo bila kuangalia kama kijani hicho bado kipo. Tembeeni Kadutu, tazameni kilima. Ni mabati juu ya mabati, na pale ambapo hakuna mabati ni udongo mwekundu uliochanwa na mvua. Vidole vya ule mkono vimejengwa mpaka kwenye kucha.

Majuma mawili baada ya siku ile nilimtafuta mchoraji wa "Jioni Bukavu". Anafanyia kazi katika chumba kimoja, mlango wazi kwa ajili ya mwanga, watoto wanapita katikati ya tablo. Nilimwuliza kwa adabu juu ya jua lake. Alicheka sana.

"Mwalimu, ile ni asubuhi. Niliitoa kwenye kalendari. Muteja mumoja aliiona, akaniambia kwa Kifaransa eti machweo mazuri sana. Sikumubishia, alikuwa analipa. Tangu siku ile niko naandika Jioni."

"Na hakuna aliyekuuliza?"

"Miaka kumi na moja, Mwalimu. Banasemaka tu kuraje, kuraje. Wewe njo wa kwanza."

Sikumwambia kwamba si mimi niliyeona, ni mtoto wa mwaka wa tano. Lakini jibu lake lilinikaa moyoni kuliko aibu yangu yenyewe. Mtu amechora tablo moja mara nyingi kwa miaka kumi na moja, akiinakili kutoka kalendari, wakati ziwa lenyewe liko dakika ishirini kwa miguu, na katika miaka hiyo yote hakupata hata mtu mmoja wa kumwambia, ndugu, shuka ukalitazame. Tulimwambia kuraje. Kuraje ya nini? Tulimwacha peke yake na soko, na soko linapenda jua jekundu. Fundi seremala akitengeneza kiti cha miguu mitatu, mteja anaanguka na fundi anajifunza siku hiyo hiyo. Mchoraji wa mandhari hana mteja anayeanguka. Ana sisi tu.

Najua watakaonijibu. Watasema: sanaa si ramani, msanii ana uhuru, akitaka jua lizame Cyangugu lizame. Nakubali kabisa. Mchoraji anaweza kulihamisha jua, anaweza hata kuchora mawili. Lakini uhuru ni wa yule anayejua anachokihamisha, na kazi ya anayeandika juu ya picha ni kusema: hapa jua limehamishwa, na kuhamishwa kwake kumeleta hiki au kumeharibu kile. Kama mwandishi mwenyewe hajui jua linazama wapi, hapo uhuru wa msanii hauna shahidi, na uwongo na ubunifu vinakuwa kitu kimoja.

Tena kuna wenzetu walioichukua nchi yetu hii kwa makini kuliko sisi. Mwaka 1926 Mmarekani mmoja, Carl Akeley, alikuja kwenye milima ya Virunga kutafuta mahali pa kuonyesha sokwe katika jumba la makumbusho ya viumbe la New York. Alikufa huko huko Mikeno mwezi wa Novemba mwaka huo, akazikwa mlimani. Mchoraji aliyekuwa katika safari ile, William R. Leigh, alikaa kwenye baridi ya mlima akachora mandhari ile ile, mimea ile ile, mwanga ule ule, na baadaye ndiye aliyepaka ukuta wa nyuma wa sokwe wale katika ukumbi uliofunguliwa mwaka 1936. Mpaka leo mtoto wa New York anasimama mbele ya kioo na kuangalia Kivu kutoka mahali halisi. Sisemi kazi ile haina dosari. Ina moja kubwa: ni nchi isiyo na watu, kana kwamba milima ile haikuwa na mwenyeji hata mmoja, na jambo hilo lilifaa sana wale waliokuwa wanapima mipaka ya hifadhi ya Albert, iliyoundwa mwaka mmoja kabla yake, 1925. Lakini walau mahali pake panajulikana, na kwa hiyo tunaweza kubishana nayo. Na tablo ya kalendari utabishana nayo vipi?

Wengine, hasa katika vyama kama hiki chetu cha kulinda mila, watasema jambo zito zaidi: peizaji na akwareli ni vitu vya Wazungu, mila yetu ni mask, ni vinyago, ni ngoma, ni vikapu; basi tusipoteze kurasa. Hapo lazima nisimame kidogo, maana ndugu hawa wanasahau historia ya nchi yao.

Mwaka huo huo wa 1926, pale Bukama, Katanga, mtumishi mmoja wa serikali ya Kibelgiji, Georges Thiry, aliona nyumba zilizochorwa kutani, akazipenda, akamtafuta aliyezichora. Alikuwa Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu. Thiry alimpa karatasi na rangi za maji. Lubaki akachora, na mke wake Antoinette naye akachora. Kule Kasai, fundi cherehani mmoja aliyejulikana kwa jina la Djilatendo akafanya vivyo hivyo. Angalieni vizuri mpangilio wa mambo. Ukuta ulikuwepo kwanza, mkono ulikuwepo kwanza, jicho lilikuwepo kwanza. Kilicholetwa na mgeni ni karatasi na kisanduku cha rangi. Kazi zile zilionyeshwa Bruxelles mwaka 1929, Genève mwaka 1930, Paris mwaka 1931. Huko ndiko zilikojadiliwa na kuandikwa. Msaada ulipokatika katika miaka ile ya 1930, wachoraji wakasahaulika, mpaka jumba moja la Paris lilipozitundika tena mwaka 2015 katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo. Kwa hiyo akwareli katika nchi yetu ina umri wa miaka mia moja. Ni nzee kuliko rumba tunayoiita mila bila kusita. Kilichokosekana kwa miaka hiyo mia si wachoraji, ni sisi wa kuwaandika. Lubaki alitegemea macho ya Bruxelles, na Bruxelles ilipogeuza uso hakukuwa na macho mengine.

Na kama mtu anataka mfano wa mandhari yenye watu, asiende mbali, aende Kilimanjaro. Sam Ntiro, mwana wa Machame, aliyesoma Makerere na baadaye kuwa balozi wa Tanganyika kule London, alichora migomba na vilima maisha yake yote, lakini vilima vyake vimejaa watu wanaolima, wanaokata miti, wanaobeba. Tablo yake moja, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa na jumba la sanaa ya kisasa la New York mwaka 1960. Pombe ya ndizi, wapendwa! Sisi wa Bushi, wenye kasiksi yetu, ni tablo ngapi za Bukavu mmeona zenye mtu aliyebeba kasiksi? Mimi nimeona mitumbwi mitupu isiyo na mvuvi, nikahesabu tisa katika ukumbi mmoja. Nani aliipiga kasia ikafika hapo?

Hata huyu Mbelgiji André Hallet, aliyezaliwa Liège mwaka 1890, ninamheshimu kwa jambo moja. Alikuja miaka ya 1930 akakaa Kisenyi, kando ya ziwa letu hili, akalichora mpaka alipofia hapo mwaka 1959. Unaweza kumwita mkoloni, na alikuwa wa wakati ule. Lakini alilitazama ziwa kwa miaka mingi. Sisi tuliozaliwa juu yake tunalitazama kwenye kalendari.

Sasa niseme juu ya lugha. Nimeambiwa mara nyingi na wenzangu wa kazi kwamba uchambuzi wa picha hauwezekani kwa Kiswahili, eti maneno hayatoshi, lazima Kifaransa. Uongo mtupu. Katika miaka ya 1973 na 1974, Lubumbashi, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimchorea Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu, historia nzima ya nchi hii, tablo mia moja na moja, na juu ya kila moja wakazungumza, mashini ya kunasa sauti ikiwa wazi. Walizungumza lugha gani? Kiswahili cha Shaba, kile kile chenye Kifaransa ndani, ambacho walimu wa sarufi wanakidharau. Kwa lugha hiyo Tshibumba alieleza kwa nini mtu huyu yuko mbele na yule nyuma, kwa nini rangi hii, nani alisema nini. Mazungumzo yale yalitoka katika kitabu mwaka 1996 na yanasomwa vyuoni Ulaya na Marekani. Basi profesa wa huko anajifunza kutazama picha kwa Kiswahili cha kwetu, nasi tunasema maneno hayatoshi. Maneno yapo. Ni macho yanayokosa mazoezi.

Nisiseme tu, nijaribu. Mwaka jana niliona akwareli moja ya kijana wa hapa mjini, ndogo, kama daftari mbili zilizofunguliwa. Ni kilima cha Kadutu wakati mvua inaanza kupungua. Kwanza nilipita. Halafu nikarudi, nikakaa mbele yake robo saa nzima, mlinzi akaanza kunishuku.

Katika rangi ya maji, kwa kawaida, weupe haupakwi. Weupe ni karatasi yenyewe, ambayo mchoraji ameamua kutoigusa. Kijana huyu aliacha karatasi wazi mahali pamoja tu: juu ya mabati. Mabati yote ya kilima yanang'aa kwa maji, na mng'ao huo ni karatasi tupu, si rangi. Kati ya mabati alipitisha brashi moja ya udongo mwekundu wakati karatasi bado ina maji, na ule wekundu ukatiririka wenyewe kwenda chini, ukatanuka, ukafika mpaka ukingoni mwa karatasi. Ndiyo! Alichora mmomonyoko kwa mmomonyoko. Mtu yeyote aliyewahi kuamka usiku wa Aprili kusikiliza kama nyumba ya jirani wa juu inateremka, anajua wekundu ule ni nini. Chini kushoto kuna mama mbebaji, kamba kipajini, mzigo mgongoni, amechorwa kwa alama nne au tano tu. Hana uso, lakini uzito wa mzigo unauona kwenye magoti.

Dosari zipo na nitazisema, kwa sababu namheshimu. Vilima vya mbali amevipaka kwa nguvu ile ile ya vilima vya karibu, kwa hiyo hewa imekufa. Baada ya mvua, kwetu, mlima wa mbali unakuwa kama moshi. Pia aliirudia mbingu mara mbili au tatu, mpaka karatasi ikaota manyoya. Akwareli haisamehi. Rangi ya mafuta unaweza kuikwangua na kupaka upya kesho. Hii ukiigusa tena imechoka. Nadhani ni karatasi nyembamba ya shule, maana karatasi nzito ya kazi hiyo haipatikani kirahisi hapa, na kijana anayetafuta nauli hawezi kuiagiza mbali. Hilo nalo ni la kuandikwa, kwamba mtu anafanya kazi ngumu kuliko zote kwenye karatasi isiyostahili.

Na ukumbi je? Akwareli ile ilitundikwa bila kioo, ikitazamana na dirisha la magharibi. Rangi nyingi za maji huchujuka zikipigwa na jua. Kila alasiri, jua la kweli, lile linalozama Kabare, lilikuwa linaila picha polepole, na pembeni yake tablo ya mafuta yenye mtumbwi mtupu, ambayo jua lisingeidhuru sana, iliwekwa kivulini mahali pa heshima. Nani aliandika juu ya hilo? Habari iliyotoka ilisema maonyesho yalipangwa vizuri.

Kuna jambo lingine lililonifanya nishike kalamu, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Mzee mmoja, mchoraji wa zamani, alinionyesha nyumbani kwake akwareli ya ufuko mmoja wa Muhumba, aliyoichora akiwa kijana. Kuna miti ya mikaratusi, kuna njia ya miguu inayoshuka mpaka majini, kuna wanawake wanafua na watoto wanaoga. Mimi nilioga pale. Leo hakuna njia. Kuna ukuta mrefu wenye chupa zilizovunjwa juu yake, na nyuma ya ukuta nyumba ya ghorofa iliyosimama karibu ndani ya ziwa. Wanafunzi wangu hawaamini kwamba mtu wa kawaida alikuwa anashuka pale bila kuomba ruhusa. Picha ile iliwahi kuonyeshwa hadharani zamani, mzee alikuwa bado na kipande cha gazeti. Nilikisoma kwa hamu. Kilisema: "mandhari yenye utulivu". Hakikutaja jina la ufuko. Hakikutaja njia. Kama mwandishi yule angeandika mstari mmoja tu, kwamba hapa ni mahali fulani na njia hii inashuka kutoka barabara fulani, leo tungekuwa na karatasi mbili za kuonyesha, picha na maandishi. Sasa tuna picha isiyo na anwani, na mwenye ukuta anaweza kusema ni ndoto ya mzee.

Vivyo hivyo na ziwa lenyewe. Chupa za plastiki zinazoteremka na mvua kutoka makartie yetu zinaelea mpaka Ruzizi na kuziba njia ya maji kwenye bwawa la Ruzizi I, na sisi tunakaa gizani. Jambo hili analijua kila mtu anayewasha mshumaa. Katika tablo zote za ziwa nilizoziona kwa miaka kumi, chupa ni sifuri. Simlazimishi mchoraji achore takataka. Ninamlazimisha mwandishi aseme kwamba hazikuchorwa.

Mwisho kuna wale watakaouliza kama huu ni wakati wa mambo haya. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23, mabenki yakafungwa, kazi zikapotea, wengi wakaondoka. Nani ana nafasi ya kubishana juu ya jua la kwenye turubai? Swali ni la haki, na siku nyingine hata mimi, nikirudi nyumbani na mfuko mtupu, nalijibu vibaya. Lakini nakumbuka 1996, nakumbuka Juni 2004. Kila mara watu walipokimbia, picha ziliachwa kutani, na tuliporudi kuta zilikuwa tupu. Zilizobaki ni zile ambazo mtu alikuwa amezieleza mahali fulani, kwa daftari, kwa barua, kwa kumbukumbu ya maneno. Waliokuwa wateja wakubwa, wale wa mashirika ya kigeni, wamepungua. Basi hawa wachoraji sasa wamebaki na nani wa kuwatazama, kama si sisi wenyeji?

Kwa hiyo ninaomba chama chetu kitenge kurasa mbili katika kila kijitabu kwa ajili ya picha zinazoonyeshwa mjini, na anayeziandika ashike masharti machache. Akae mbele ya kila picha anayoitaja, asiwe amepita tu. Aende mahali palipochorwa, kama pako ndani ya mji, saa ile ile inayoonyeshwa. Aseme ukubwa, aina ya rangi, na bei. Wakubwa waliohudhuria asiwataje hata mmoja, watajitaja wenyewe. Na akikosea, msomaji amsahihishe katika kijitabu kinachofuata, kwa jina lake.

Mimi nimeshasahihishwa. Yule msichana wa Nguba amemaliza shule. Siku moja jioni kabla hajamaliza, tulishuka darasa zima mpaka Labotte na madaftari, tukakaa kwenye mawe kuanzia saa kumi na moja na nusu tukiangalia Cyangugu. Jua lilizama nyuma ya migongo yetu. Ng'ambo, vilima vilikuwa rangi ya waridi kwa muda mfupi sana, halafu kijivu, halafu taa zikaanza kuwaka, kwao kwanza. Rangi ile ya waridi sijaiona katika tablo yoyote.

Tablo ya mafuta yenye jua jekundu bado haijauzwa. Mchoraji amefuta "Jioni", ameandika "Asubuhi", na bei imeshuka kutoka dola 80 mpaka 60. Anasema kosa ni langu.